Mtoto akisema ‘niko sawa’, miwani hii inauuliza ubongo wake

Vichwa viwili vinagongana hewani vikiwania mpira wa kona. Mtoto mmoja anaanguka, anakaa chini sekunde chache, anajipangusa vumbi na kunyanyuka. Kocha anamuuliza kama yuko sawa. Anajibu, “Niko sawa.” Mchezo unaendelea.

Tukio kama hilo si geni kwa mzazi yeyote anayekwenda kumwangalia mwanawe akicheza, iwe uwanja wa shule au wa mtaani. Mara nyingi jibu la mtoto ni la kweli. Shida ni zile mara chache ambazo si kweli, kwa sababu anayeulizwa ndiye huyo huyo ambaye ubongo wake umeumia, na jambo la mwisho analolitaka ni kutolewa nje.

Kwa takriban miaka 20 sasa, watafiti wamekuwa wakitafuta namna ya kuupima ubongo wa mwanamichezo bila kutegemea neno lake mwenyewe. Njia mojawapo ni teknolojia ambayo vijana wengi wanaifahamu kupitia michezo ya kompyuta. Inaitwa uhalisia pepe: miwani mikubwa inayofunika macho yote na kumfanya aliyeivaa ajione yuko mahali pengine kabisa.

Vipimo hivyo vimeonyesha jambo ambalo kila mzazi anapaswa kulijua. Mtoto anaweza kujisikia vizuri, akajibu maswali yote vizuri, na bado ubongo wake ukawa haujapona.

Jeraha lisiloonekana kwenye picha

Kitaalamu jeraha hilo huitwa mtikisiko wa ubongo. Hutokea pale kichwa kinapopigwa, au mwili unapogongwa kwa nguvu kiasi cha kukirusha kichwa ghafla. Ubongo hutikisika ndani ya fuvu, nyuzi za seli zake huvutwa, na kwa muda fulani seli hizo hushindwa kutumia nishati na kupeleka taarifa kama kawaida.

Si lazima mtoto azimie. Wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawapotezi fahamu hata kidogo. Dalili zinaweza kuwa maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona ukungu, kuchukia mwanga au kelele, kusahau, kujibu polepole, hasira zisizo za kawaida au usingizi mwingi. Nyingine huchelewa kujitokeza kwa saa kadhaa, hata siku.

Kipimo cha CT scan mara nyingi hutoka safi. Picha hiyo ni muhimu kwa kutafuta damu iliyovuja au fuvu lililopasuka, lakini huonyesha umbo la ubongo, si namna unavyofanya kazi. Ni sawa na kuipiga picha redio iliyoharibika: picha itaonyesha redio nzima, lakini haitakwambia kama inashika stesheni.

Ndiyo maana madaktari wa michezo hutumia maswali na majaribio. Kipimo kinachotumika zaidi duniani, SCAT6, humtaka mchezaji mwenye umri wa kuanzia miaka 13 akariri maneno 10, ataje miezi ya mwaka kwa kurudi nyuma, arudie tarakimu kinyumenyume na asimame kwa mguu mmoja bila kuyumba. Watoto wa miaka minane hadi 12 wana toleo lao.

Kipimo hicho ni kizuri, lakini kina mipaka. Hufanya kazi vizuri zaidi katika siku tatu za mwanzo baada ya kuumia. Sehemu yake moja ni mchezaji mwenyewe kueleza anavyojisikia. Anayetaka kucheza fainali anajua majibu ya kutoa.

Chumba kinachotembea

Miongoni mwa waliotafuta njia nyingine ni Semyon Slobounov na wenzake wa Chuo Kikuu cha Penn State, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, ambako wanafunzi hucheza kandanda ya Kimarekani, mchezo wenye migongano mikali.

Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2006, waliwasimamisha wanamichezo mbele ya picha za kompyuta zenye kina, zinazoonyesha chumba. Mchezaji alisimama tuli juu ya ubao unaopima jinsi mwili unavyoyumba. Kisha chumba kile cha bandia kikaanza kusogea mbele na nyuma.

Ili mtu asimame wima, ubongo hupokea taarifa kutoka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, na misuli na viungo vya miguu. Chumba cha bandia kinaposogea, macho yanasema “tunaanguka” huku sikio na miguu vikisema “tumesimama”. Ubongo mzima huamua haraka nani wa kumsikiliza. Ubongo ulioumia hupata tabu, na mwili huyumba.

Matokeo yaliwashtua wengi. Kulikuwa na wanamichezo ambao hawakuwa tena na dalili na waliosimama vizuri chumba kilipotulia. Chumba kilipoanza kusogea, tofauti kati yao na wenzao wazima ilionekana, hata siku 30 baada ya kuumia.

Mwaka 2010 kundi hilo lilikuja na utafiti mwingine. Safari hii wanamichezo waliokuwa wamepata mtikisiko wa ubongo walioneshwa njia ndani ya jengo la bandia, kona hii na kona ile, kisha wakatakiwa waifuate wenyewe. Wakati wakifanya hivyo, ubongo wao ulikuwa ukipigwa picha kwa mashine ya MRI inayoonyesha sehemu zinazofanya kazi.

Waliipata njia sawasawa na wenzao ambao hawakuwahi kuumia. Ukiangalia alama tu, ungesema wamepona. Lakini picha zilionyesha kwamba ubongo wao ulitumia maeneo makubwa zaidi kupata jibu lile lile. Ni kama mtoto anayefika shuleni kwa wakati kila siku, kumbe siku hizi analazimika kukimbia njia nzima.

Kufikia mwaka 2016, kundi hilo lilikuwa limechapisha majaribio yanayounganisha mambo matatu: kusimama bila kuyumba, kukumbuka njia, na wepesi wa kuitikia kitu kinachotokea ghafla. Vikiunganishwa, vipimo hivyo viliweza kuwatofautisha wanamichezo walioumia siku chache nyuma na wale wazima.

Nukta inayozunguka

Njia nyingine inaangalia macho peke yake. Mtu anavaa miwani yenye skrini ndogo na kamera zinazofuatilia mboni za macho. Kwenye skrini kuna nukta inayozunguka duara. Kazi yake ni moja tu, kuifuata nukta kwa macho.

Kazi hiyo inaonekana rahisi kupita kiasi. Lakini ili jicho lisibaki nyuma, ubongo unapaswa kukisia nukta itakuwa wapi sekunde inayofuata. Usikivu unapoyumba, jicho huchelewa, kisha huruka kuiwahi nukta, kisha huchelewa tena. Kamera huandika kila mruko.

Jamshid Ghajar, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo wa Chuo Kikuu cha Stanford, ni mmoja wa waliolifanya wazo hilo kuwa kifaa. Kifaa kilichotokana na kazi yake, EYE-SYNC, kilipata idhini ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, mwaka 2016 kwa ajili ya kurekodi na kuchambua mwendo wa macho. Jaribio lenyewe huchukua chini ya dakika moja, hivyo linaweza kufanyika pembeni ya uwanja.

Kwenye raga, World Rugby, chombo kinachousimamia mchezo huo duniani, kilitangaza mwaka 2021 kwamba kinafanyia majaribio vifaa vya kufuatilia macho, kimojawapo kikiwa cha miwani ya uhalisia pepe.

Faida ya vipimo hivi ni kwamba ni vigumu kuvidanganya kwa maneno. Mchezaji anaweza kuficha maumivu ya kichwa, lakini hawezi kuamua jicho lake liruke au lisiruke.

Alichomficha mama, aliiambia simu

Kwa nini watu wanahangaika hivi kupata kipimo kisichotegemea maneno? Jibu moja liko Ottawa, Canada.

Rowan Stringer alikuwa na miaka 17, nahodha wa timu ya raga ya wasichana ya shule yake ya sekondari. Mei 2013 aligongwa kichwa katika mechi. Siku chache baadaye akagongwa tena. Mei 8, katika mechi ya tatu ndani ya siku sita, alikabwa na kuangushwa, kichwa na shingo vikapiga ardhi. Alikaa, kisha akazimia. Alifariki dunia Mei 12.

Uchunguzi wa kisheria uliofanyika mwaka 2015 ulionyesha kwamba Rowan mwenyewe alihisi kuna tatizo. Alikuwa ametafuta habari za mtikisiko wa ubongo kwenye intaneti, na alikuwa amewaandikia marafiki ujumbe kuhusu hali yake. Watu wazima waliomzunguka hawakujua. Aliendelea kucheza.

Madaktari wanaamini kwamba ubongo ambao haujapona, ukigongwa tena, unaweza kuvimba haraka na kwa kiwango cha kuua. Hutokea mara chache, na wanaokumbwa zaidi ni watoto na vijana.

Mwaka 2018 jimbo la Ontario lilipitisha sheria yenye jina la Rowan. Inataka mchezaji anayeshukiwa kuumia kichwa atolewe, asirudi mpaka afuate utaratibu maalumu, na wachezaji vijana, wazazi na makocha wasome maelezo kuhusu jeraha hilo kila mwaka.

Wazazi wake hawakuwa wazembe. Walikuwa na binti aliyependa mchezo na asiyetaka kuiangusha timu, kama walivyo watoto wengi.

Miwani nayo ina mipaka yake

Pamoja na hayo yote, hakuna kifaa kinachoweza peke yake kusema mtoto ana mtikisiko wa ubongo au hana. Hata vile vilivyopata idhini vimeidhinishwa kumsaidia daktari, si kuchukua nafasi yake.

Sababu ziko wazi. Jicho huchelewa kuifuata nukta kwa mtu aliyeumia, lakini huchelewa pia kwa mtu ambaye hakulala usiku, au mwenye tatizo la usikivu tangu utotoni. Miwani yenyewe huwapa baadhi ya watu kizunguzungu na kichefuchefu hata wakiwa wazima. Tena, vipimo vingi huwa na maana zaidi vikilinganishwa na kipimo cha awali, kilichochukuliwa mchezaji akiwa hajaumia.

Umri nao unahesabika. Kampuni ya Meta inasema miwani yake isitumiwe na watoto chini ya miaka 10, na Sony imeweka miaka 12 kwa miwani ya PlayStation. Tafiti nyingi za vipimo hivi zimefanywa kwa vijana wa vyuo na watu wazima, si kwa mtoto wa darasa la nne.

Kuna onyo jingine linalowahusu moja kwa moja wazazi wenye simu mkononi. Aprili 2019, FDA iliwatahadharisha wazazi, makocha na wanamichezo wasitumie programu au vifaa visivyoidhinishwa vinavyodai kupima mtikisiko wa ubongo. Hatari yake ni jibu la uongo: programu inasema mtoto ni mzima, anarudi uwanjani, anagongwa tena.

Kanuni isiyohitaji mashine

Viwanja vingi ambako watoto wa Afrika Mashariki hucheza, kuanzia mechi za mtaani hadi michezo ya shule za msingi na sekondari, havina miwani hiyo. Vingi havina hata daktari. Lakini kanuni muhimu kuliko zote haihitaji kimojawapo.

Kanuni hiyo ni fupi: ukishuku, mtoe. Akishatolewa, harudi siku hiyo.

Katika raga ya kulipwa, mchezaji anaweza kutolewa, akapimwa na madaktari, kisha akarudi akionekana mzima. Kwa watoto na timu za kawaida, World Rugby hairuhusu hilo. Anayeshukiwa anatoka na mechi yake imeisha. Kwenye soka, tangu Julai 2024 sheria za IFAB zinayaruhusu mashindano kuwa na mchezaji wa akiba wa ziada kwa ajili ya aliyeumia kichwa, na aliyetoka haruhusiwi kurudi.

Wataalamu waliokutana Amsterdam, Uholanzi, mwaka 2022 waliandaa mwongozo kwa ajili ya watu wasio madaktari, kama makocha, walimu na wazazi. Unataka kwanza mtu aangalie dalili za hatari. Mtoto apelekwe hospitali mara moja akiwa na mojawapo ya hizi:

• Anatapika
• Maumivu ya kichwa ni makali au yanazidi
• Amepoteza fahamu, au anazidi kusinzia na haamki vizuri
• Amepata degedege
• Anaona kitu kimoja kama viwili
• Mkono au mguu umekosa nguvu, au una ganzi
• Shingo inamuuma
• Anahangaika, anakuwa mkali au anachanganyikiwa zaidi

Anayelalamika shingo asinyanyuliwe kiholela. Na tabia ya kumwagia mtoto maji kichwani, kumpigapiga mashavu kisha kumrudisha uwanjani kwa kumwambia “kaza, wewe mwanaume” haina nafasi katika jeraha hili.

Kama hakuna dalili hizo, kijana wa kuanzia miaka 13 anaweza kuulizwa maswali mepesi. Tuko uwanja gani? Hiki ni kipindi cha kwanza au cha pili? Nani amefunga bao la mwisho? Mechi iliyopita mlicheza na nani? Mlishinda? Akikosea hata moja, kuna sababu ya kushuku. Akipata yote, bado hajathibitika kuwa mzima.

Asiachwe peke yake katika saa tatu za mwanzo, na asirudi nyumbani peke yake. Daktari amwone hata kama anaonekana yuko vizuri.

Simu iwekwe pembeni siku mbili

Zamani watoto waliopata mtikisiko wa ubongo waliambiwa walale kwenye chumba chenye giza mpaka dalili zote ziishe. Ushauri huo umebadilika. Sasa wataalamu wanashauri mapumziko ya kiasi kwa saa 24 hadi 48: kazi ndogondogo za nyumbani na kutembea kidogo si tatizo, ila asikimbie, asicheze mpira na asisome kwa muda mrefu.

Jambo moja ambalo mzazi anaweza kulifanya bila gharama ni kuiweka simu mbali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la JAMA Pediatrics uliwafuatilia wagonjwa 125 wa Marekani wenye umri wa miaka 12 hadi 25. Nusu waliambiwa wasiguse skrini kwa saa 48, wengine waliruhusiwa. Kwa walioacha skrini, dalili ziliisha katika siku tatu na nusu kwa kipimo cha kati. Kwa walioruhusiwa, zilichukua siku nane.

Kumnyima kijana simu siku mbili ni vita, kila mzazi anajua. Lakini kwa faida hiyo, ni vita inayofaa kupiganwa.

Darasani kwanza, uwanjani baadaye

Mtoto arudi shule kabla ya kurudi kwenye mechi. Mwalimu wa darasa aelezwe, ili asishangae mtoto akichoka mapema, akilalamika mwanga au akichelewa kumaliza mtihani. Huo si uvivu.

Kurudi kwenye michezo ni ngazi sita, na kila ngazi huchukua angalau siku moja. Anaanza na shughuli za kawaida za nyumbani. Kisha mazoezi mepesi kama kutembea haraka au baiskeli ya taratibu. Kisha mazoezi ya mchezo wake akiwa peke yake, bila hatari ya kugongwa kichwa. Kisha mazoezi na wenzake bila kugusana. Ngazi ya tano ni mazoezi kamili, na hapo lazima daktari awe amemruhusu. Ya sita ndiyo mechi.

Dalili zikirudi katika ngazi ya nne hadi ya sita, anarudi ngazi ya tatu. Watoto wengi hupona ndani ya wiki nne, ambao ni muda mrefu kuliko watu wazima. Mechi ya Jumamosi ijayo, kwa hiyo, mara nyingi haiwezekani, hata kama ni fainali.

Swali la kumuuliza mtoto nyumbani

Miwani ya uhalisia pepe huenda siku moja ikafika kwenye zahanati ya wilaya. Ikifika, itamsaidia daktari kuona kile ambacho mtoto hasemi. Lakini itavaliwa tu na mtoto ambaye tayari ametolewa uwanjani, na kumtoa ni kazi ya mtu mzima aliyesimama pembeni.

Kwa hiyo mazungumzo yaanze kabla ya msimu, si baada ya ajali. Mzazi amweleze mwanawe kwamba kusema “kichwa kinaniuma” si woga, na kwamba hatagombezwa kwa kuomba kutoka. Amuulize kocha mapema: mtoto akigongwa kichwa hapa, nani anaamua atoke?

Na jioni baada ya mechi, swali lisiwe “uko sawa?” Liwe “niambie ilikuwaje ulipogongwa, na nini kilifuata.” Mtoto anayesimulia mechi yote isipokuwa dakika kumi zilizofuata baada ya kugongwa ameshajibu, bila miwani.